Acheni kutudanganya na orodha za visawe: "rival" si adui!

Wakuu, salamu kwenu. Nina hasira na sitaificha, na uzi ni mrefu, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi ni mfasiri, Kiingereza kwenda Kiswahili. Juzi nimemaliza ripoti ya biashara ya mteja. Mahali fulani ripoti inataja "its closest rivals", nikaandika "washindani wake wa karibu". Mhariri wa mteja akafuta, akaweka "maadui zake wa karibu". Nikamuuliza kwa nini. Hakunipa hoja hata moja, alinitumia picha ya orodha ya visawe: rival, competitor, opponent, adversary, enemy, foe, yote mstari mmoja kama shanga. Chini yake kaandika: "Si unaona? Maana ni ileile." Kisha malipo yangu yakakatwa kwa kosa la istilahi.

Maana ni ileile! Hebu isomeni kwa sauti: kampuni ina maadui wa karibu. Msomaji ataelewa kwamba kuna watu wanaingia na kutoka humo ndani huku wanaichimbia kaburi. Ripoti ilisema tu kwamba kampuni zile zinawania wateja walewale na zinakaribiana nguvu. Basi.

Tena neno lenyewe halijazaliwa na uadui. Kwa Kilatini "rivus" ni kijito, na "rivalis" ni mtu anayetumia kijito kimoja na mwenzake. Maji yakipungua watagombana, hilo silikatai, lakini kabla ya ugomvi kuna kitu wanachoshiriki. Shakespeare katika tamthilia yake Hamlet anampa mlinzi wa usiku maneno "the rivals of my watch", na mlinzi huyo hasemi habari za maadui, anawataja wenzake wa zamu! Maana hiyo ya wenzi imeshakufa katika Kiingereza cha leo, ila mzizi wake bado unahisika. Sisi wenyewe tunalo jambo kama hilo: mwanamke anayegawana mume na mwingine tunamwita mke mwenza. Wanaweza wasisalimiane mwaka mzima, lakini lugha imewapa jina la wenzi kwa sababu wanagawana kitu kimoja.

Sasa "enemy" limetoka kwenye "inimicus", yaani asiye rafiki. Huyo anakutakia mabaya. Ukishinda au ukishindwa, bado anataka uumie. "Rival" anataka kile unachokitaka wewe, na mkimaliza mnaweza kupeana mikono na kweli mkawa marafiki. Watoto wa tumbo moja wanaowania sifa za wazazi, Kiingereza husema wana "sibling rivalry". Huyo mhariri aandike hapo "uadui wa ndugu" tuone mzazi gani hatashtuka.

Kinachoniuma zaidi ni "competitor" na "rival", maana hapa hata watu makini wanateleza. Wakimbiaji 100 wakisimama kwenye mstari, wote ni "competitors". Wengi wao hawajuani hata majina. Lakini wawili kati yao ambao kila mwaka wanapokezana nafasi ya kwanza, ambao kila mmoja akifanya mazoezi anamfikiria mwenzake, hao ni "rivals". Neno hili linataka mambo mawili: ukaribu wa uwezo na muda. Lina historia ndani yake. Ndiyo maana niliandika "washindani wa karibu" na si "washindani" peke yake, nilikuwa nauchunga huo uzito! "Opponent" ni mwingine kabisa: ni yule aliye upande wa pili leo, kwenye mechi hii, mdahalo huu, uchaguzi huu. Kipenga cha mwisho kikilia, kazi yake imekwisha. Mtu anaweza kuwa "opponent" wako mara moja tu maishani, na hawezi kuwa "rival" kwa siku moja. "Adversary" ni zito, la mahakamani na la vita. "Contender" ni mwenye nafasi halisi ya kutwaa taji, na "challenger" ni anayemfuata mwenye taji kumpokonya. Orodha ile haikusema hata moja ya haya.

Na si hiyo sentensi tu. Ripoti ilikuwa na "a service that rivals the best". Hapo "rival" ni kitenzi, maana yake kulingana, kufikia kiwango cha mwingine. Nikaandika "huduma isiyopitwa na zilizo bora". Mhariri akageuza kuwa "huduma inayopingana na zilizo bora". Kwa kalamu moja akageuza sifa ikawa kasoro! Mbele kidogo palikuwa na "unrivalled experience", nami nikaweka "uzoefu usio na kifani", kama Mswahili yeyote angesema. Ikarudi "uzoefu usio na maadui". Nilikaa nikaitazama hiyo sentensi kwa muda.

Wanafunzi nao wanaumizwa vilevile. Wakishaambiwa "rival" na "compete" ni ndugu, wanaandika "they compete them". Haiwezekani. "Rival" kama kitenzi hushika mtendwa moja kwa moja, "compete" hudai "with" au "against" kwa unayeshindana naye, na "for" kwa mnachokigombania. Kijana anasahihishwa kwa wino mwekundu na hakuna anayemwambia kosa limetoka wapi.

Mtu asiniambie kwamba nachukia visawe. Mwingereza Roget alipochapisha kamusi yake ya mafungu ya maneno mwaka 1852, aliyapanga kwa mawazo, ili mwenye wazo kichwani alitafutie neno. Hakueleza maana ya kila neno, kwa sababu kitabu kile ni cha kumkumbusha mtu maneno ambayo tayari anajua tofauti zake. Ukimpa orodha kama hiyo mtu asiyejua tofauti, kisha ukamwambia chagua lolote, umempotosha.

Na Kiswahili chetu kinabebeshwa mzigo huohuo. Fungua orodha za "rival" kwa Kiswahili: mshindani, mpinzani, hasimu, adui, zimetengwa kwa mkato na hakuna neno zaidi. Lakini mshindani ametokana na kushindana, kuna kushinda humo. Mpinzani ana kupinga ndani yake, na ukimwita mfanyabiashara mpinzani bila maelezo, nusu ya wasomaji watafikiria siasa. Hasimu tayari ana ugomvi. Wanahabari wa michezo wanapoziita timu mbili zinazoshindana miaka yote "watani wa jadi" wanaonyesha masikio kuliko hizo orodha zote, kwa sababu wanasikia kwamba timu hizo mbili zinahitajiana.

Kwa hiyo nawauliza mnaotunga hizo orodha na programu: sentensi moja ya mfano kwa kila neno inawagharimu nini? Sentensi moja tu!

Jana usiku nimemrudishia mhariri faili. Sentensi zote tatu nimezirudisha nilivyoziandika, na kila moja nimeiwekea maelezo pembeni. Nimemwambia kama "maadui wa karibu" inabaki, jina langu liondolewe kwenye ripoti, na pesa niliyokatwa bado naidai. Mpaka naandika hapa hajajibu.