Re: Mwanzilishi kulipwa mshahara na jumuiya yake, inafaa?

Kutoka: Milton Keynes

Assalaam alaykum jamaa. Wengi wenu mnaijua jumuiya yetu ya Micheweni, Pemba, ile ya masomo ya jioni kwa watoto wa skuli. Huku Uingereza tumesajili shirika la hisani na mimi ni mwenyekiti wa wadhamini (trustees), wale wanaolisimamia. Miaka sita nimefanya kazi bila ya kulipwa. Sasa imekuwa kubwa, nimepunguza zamu zangu za uuguzi, na kodi ya nyumba inanishinda. Kuna mfadhili amekubali fungu lake litoe mshahara wa mratibu, na kazi ya mratibu ndiyo hii niifanyayo mimi. Naogopa sheria, na zaidi naogopa kuambiwa nimekula sadaka ya mayatima. Wakubwa nishaurini.

Kutoka: Leicester

Waalaykum salaam mwanangu. Nianze na hilo la sadaka, kwa sababu najua ndilo linalokunyima usingizi.

Katika Sura ya Tawba, aya ya 60, zaka imegaiwa mafungu manane, na moja ni la wale wanaoitumikia. Sura ya Nisaa, aya ya 6, inamtaka msimamizi wa mali ya yatima aliye tajiri ajizuie, na aliye fukara ale kwa kadiri ya ada. Aya hiyohiyo inaamrisha waweko mashahidi wakati wa kukabidhi mali. Kwa hiyo ujira haukukatazwa. Kilichotakiwa ni kiasi, na watu wa kushuhudia. Lakini usije ukauchota mshahara kwenye zaka ya watu. Pesa iliyotolewa kwa nia ya yatima ikae kwenye akaunti yake, na wewe ulipwe kwa pesa ambayo mtoaji alijua tangu mwanzo kuwa ni ya uendeshaji. Mwambie mfadhili wako aliandike hilo kwenye barua.

Sasa sheria. Kwa England na Wales, mdhamini kwa kawaida hafanyi kazi yake kwa malipo, na hawezi kuajiriwa na shirika lake mpaka katiba iruhusu wazi au Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani, itoe idhini. Sheria ya mashirika ya hisani ya mwaka 2011 inaruhusu mdhamini alipwe kwa huduma mahsusi, kwa makubaliano ya maandishi na wadhamini wanaolipwa wakiwa wachache kuliko wasiolipwa, lakini mlango huo si wa ajira. Malipo yasiyo na idhini yanaweza kudaiwa yarudi, hata kama kazi umeifanya kwa jasho lako.

Kwa hiyo huna budi kuchagua kiti: udhamini au ajira. Na kujiuzulu leo ukaajiriwa kesho hakutoshi. Nafasi ya kazi wabuni wenzako, kiwango wapange wenzako, na itangazwe ili mwengine naye aweze kuomba. Siku wanapojadili, wewe toka nje, na muhtasari uandike kwamba ulitoka.

Haya nayasema kwa kuwa yamenifika. Tulipokuwa tunachimba kisima Konde nilikuwa nachukua pauni 80 kila mwezi, naziita nauli. Risiti sikuweka. Moyoni nilijua simwibii mtu, maana nilikuwa natumia zaidi ya hizo. Baada ya miaka miwili tukatafuta mtu wa kutukagulia hesabu, akaniuliza nauli ya wapi. Sikuwa na jibu la kumwonyesha. Kurudishiwa gharama halali ulizotoa mfukoni ni haki ya mdhamini, lakini posho ya jumla isiyo na stakabadhi inahesabiwa ni malipo, na kodi yake iko palepale. Nilizirudisha kidogo kidogo, mwaka mzima na zaidi. Kilichoniuma zaidi ni kuwa mshika fedha wetu, mzee wa watu, alikuwa ananitilia saini bila ya kuuliza, kwa kunistahi. Usimweke mtu mzima kwenye aibu hiyo.

Jengine ni langu mwenyewe, sheria hailisemi. Kama yule mwalimu wa Micheweni anayefungua mlango kila jioni bado analipwa kwa "tutaona mwezi ujao", yeye atangulie, kisha wewe.

Kutoka: Ohio

Shikamoo Bi Mkubwa. Niongeze kwa walioko Marekani tu, maana watu huchanganya. Huku mwanzilishi wa shirika la 501(c)(3), yaani la hisani lililosamehewa kodi, anaweza kukaa kwenye bodi na akalipwa, ila mshahara uwe wa kiasi kinacholingana na kazi. Bodi inajikinga kwa mambo matatu: waamue wasio na maslahi, walinganishe na mishahara ya kazi kama hiyo kwengine, na waandike uamuzi wao wakati huohuo. Ukizidisha, IRS, mamlaka ya kodi ya huku, inakutoza wewe binafsi asilimia 25 ya kilichozidi, na usiporekebisha inaweza kufika asilimia 200. Na fomu 990, taarifa ya kila mwaka ya shirika kwa IRS, inayotaja malipo ya viongozi ni ya kusomwa na kila mtu.

Kutoka: Milton Keynes

Ahsanteni sana. Ndugu mmoja kaniambia nilipwe na jumuiya ya Pemba badala ya ya huku, eti nitaepuka haya yote. Ni kweli?

Kutoka: Leicester

Marahaba kwa wa Ohio. Na wewe mwanangu, usimsikilize huyo.

Pesa ya shirika la huku ikipita Pemba ikarudi kwako ni faida ileile, imezunguka tu. Tena ukiwa mkaazi wa Uingereza kwa kawaida unatangaza kipato chako cha dunia nzima, na mwisho wa fomu ya mtandaoni ni tarehe 31 Januari. Kodi ya mapato nyumbani ni jambo la Muungano, kwa hiyo hata ukilipwa Wete utakutana na TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, na mwajiriwa wa Zanzibar ana michango yake ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Tanzania ina mikataba ya kuzuia kodi mara mbili na nchi kama Canada, Sweden, Norway na India, lakini na Uingereza hakuna. Uingereza inaweza kukupunguzia kodi uliyokwisha kulipa kule, ila uwe na karatasi ya kuthibitisha.

Na kama viza yako ni ya kudhaminiwa na mwajiri, soma masharti ya kazi ya ziada kabla hujatia saini popote.

Niletee katiba yenu niisome kile kifungu cha malipo ya wadhamini. Mkiitisha mkutano, nitakuja kukaa kama mtu wa nje mkitaka. Nipigie Ijumaa baada ya saa tatu usiku, zamu yangu inaisha saa mbili.