Mrejesho: yule nesi niliyeuliza IELTS au OET

Wakuu nimerudi. Niliuliza hapa mimi nesi wa Dodoma nifanye IELTS au OET (mitihani ya Kiingereza, OET ni ya watu wa afya) nisajiliwe NMC, baraza la manesi na wakunga la Uingereza, na kama nimpe ajenti hela aliyotaka ya kunitafutia kazi. Hela sikumpa, asanteni sana mlionikataza, maana miongozo ya kule hairuhusu ajenti kumtoza nesi hela ya kutafutiwa kazi. Nikafanya OET, sehemu ya kuongea ni ya wodini kabisa yaani unamweleza mgonjwa kama uko zamu, nikapata B zote ila kuandika C+ na NMC wanaikubali. CBT, ule mtihani wa NMC wa kwenye kompyuta, nimepita, hospitali niliyoomba mwenyewe wamenipa ofa, imebaki viza, halafu OSCE, mtihani wa vitendo, nikishafika. Mama analia kila nikimpigia, na mimi nalia.