HU imenikataa kwa sababu ya mipira ya breki

Mama Mapacha, Bremen
Hamjambo wenzangu. Jana gari imekataliwa HU, ule ukaguzi wa lazima wa magari hapa Ujerumani. Shemeji alinifungia mipira ya breki ya mbele, ile inayopitisha mafuta ya breki, hii ya kusukwa kwa waya wa stenlesi, kainunua mtandaoni euro 48. Breki zinashika kuliko zamani. Mkaguzi kamulika tochi, kauliza: ABE (kibali cha kifaa) iko wapi? Nikampa Fahrzeugschein, yaani kadi ya gari, akacheka. Nimepewa mwezi mmoja wa kurudi. Maswali mawili: lazima nirudi kituo kilekile au naweza kwenda kingine karibu na kazini? Na nikinunua mingine, nichukue ipi?

Babu wa Kassel
Pole mwanangu. TÜV ya wapi hiyo?

Fundi Kiel
Babu, TÜV ni kampuni, ukaguzi ni HU. DEKRA na GTÜ nao wanakagua. Tumeshasema humu mara mia.
Dada, mipira ya stenlesi si haramu. Tazama namba ya KBA (mamlaka ya magari ya Ujerumani) kwenye mpira wenyewe, ifanane na ya kwenye ABE, na karatasi itaje aina ya gari yako hasa, siyo "Golf" tu. Isome mpaka chini, nyingine zinataka mkaguzi athibitishe ufungaji. Jamaa mmoja aliniletea yake, nikapitisha kidole chenye mafuta ya breki, namba yote ikabaki kidoleni.

Babu wa Kassel
Asante kwa somo. Mimi yangu haikuwa mipira, lilikuwa bomba la chuma la kwenda nyuma. Chumvi ya baridi imelila mpaka linachubuka kama maganda ya muhogo. Nikaweka shaba, mwaka wa nne huu.

Fundi Kiel
Shaba tupu Babu? Shaba inachoka kwa mtikisiko, siku moja inapasuka. Weka kopa-nikeli, shaba iliyochanganywa na nikeli: inakunjika kwa mkono na kutu haiishiki. Na midomo ya bomba iwe ya aina iliyokuwepo. Ukilazimisha mdomo wa SAE kwenye nati ya ISO, itavuja tu.

Babu wa Kassel
Aliyeniuzia alisema shaba. Labda ni hiyo nikeli yako.

Mwana wa Kirinyaga Road, Köln
Hahaha, nchi ya makaratasi! Nyumbani bomba lilitoboka tukiwa Mariakani. Fundi akalikunja kwa koleo, akaligonga nyundo, tukashuka Mazeras na breki za magurudumu matatu. Tulifika.

Fundi Kiel
Unasimulia kama sifa. Nani alikuwa nyuma yenu?
Dada, jambo moja bado. Huo mpira ukishafungwa, kata usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, uone kama unagusa tairi. Waya ule ni tupa, unakula chochote unachosugua. Pete za shaba za kwenye maungio ziwe mpya, toa upepo wote kwenye breki. Mafuta ni DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Usiguse DOT 5, hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na hii.

Dada wa Gerezani, Leipzig
Kuhusu makaratasi: mwenzangu Mkenya kachukua pasi ya hapa na ya kwao anayo, katiba yao ya 2010 inamruhusu, na Wajerumani wamefungua uraia pacha tangu Juni 2024. Sisi Watanzania tunaambiwa hadhi maalum. Hadhi maalum itanipa kura?

Mwana wa Kirinyaga Road, Köln
Njoo tukuoe basi, dada 😂

Dada wa Gerezani, Leipzig
Lipa kwanza deni la mchango wa msiba, ndiyo uoe.

Babu wa Kassel
Jamani, heshima. Humu kuna watoto.

Mama Mapacha, Bremen
Asanteni. Nimeangalia mipira yangu: hakuna namba yoyote, kuna bendera ya Italia tu. Shemeji hapokei simu. Lakini nilichouliza kwanza: kituo kilekile, au naweza kwenda kingine? Zimebaki siku kumi na tisa.

Fundi Kiel
Bendera! Ng'oa leo, rudisha ya mpira wa kawaida, ile yenye tarehe iliyochapwa ubavuni. Haihitaji ABE ikiwa ni ya gari hiyo.

Babu wa Kassel
Bremen si ndiko kwenye lile duka la unga wa dona? Mwanangu, ukipita huko ukienda HU, nichukulie kilo tano.