Naomba ushauri: ng'ombe wametupa mimba na maziwa yamepungua

Ndugu wafugaji na wataalamu wa mifugo, habari za kazi.

Ninafuga ng'ombe chotara wa Friziani wilayani Rungwe, nikiwalisha bandani. Wawili kati yao wametupa mimba za miezi saba hivi, kondo la nyuma likachelewa kutoka, na tangu hapo maziwa yamepungua sana, huku mmoja akirudi kwenye joto kila anapohimilishwa. Viwele havina uvimbe wala maziwa hayana mabonge, kwa hiyo sidhani kama ni ugonjwa wa kiwele. Shaka yangu kubwa ni brusela, ugonjwa wa bakteria ambao kwa kawaida huangusha mimba katika miezi ya mwisho, na ambao humwambukiza binadamu pia kupitia maziwa mabichi na uchafu wa uzazi. (Nyumbani maziwa tunayachemsha siku zote, na aliyefukia vitoto vilivyotupwa alivaa glavu.)

Daktari wa mifugo ameshachukua damu kwa ajili ya kipimo cha brusela kiitwacho Rose Bengal. Wakati tukisubiri majibu, je, niwachanje sasa mitamba wenye miezi mitano kwa chanjo ya brusela iitwayo S19, ambayo najua kwamba ikitolewa kwa ng'ombe wakubwa huweza kuvuruga vipimo vya baadaye? Je, niombe pia kipimo cha leptospira, bakteria wengine wanaoweza kusababisha kutupa mimba? Na ng'ombe akithibitika kuwa na brusela, mfugaji mdogo anamwondoaje zizini bila kumuuzia jirani ugonjwa?