Nahamia Leeds mwezi wa Novemba: mkimbiaji wa polepole kutoka Nakuru ataendeleaje?

Mama wa Section 58 (Nakuru)

Hamjambo wenzangu. Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 38, na tangu mwaka 2019, daktari aliponionya kwamba shinikizo langu la damu limeanza kupanda, nimekuwa nikikimbia mara tatu kwa wiki. Mimi si mwanariadha. Kilomita 5 huzimaliza kwa dakika 36 siku nikiwa na nguvu, na kwa dakika 40 au zaidi nikiwa nimetoka zamu ya usiku.

Kilichonishikilia miaka yote hii si miguu, ni kikundi. Tuko watu kama kumi na watano tunaokutana karibu na uwanja wa Afraha kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi: walimu, dereva wa matatu, mama anayeuza mboga, na mzee mmoja mstaafu ambaye ndiye mwenye saa na ndiye anayetugombeza tukichelewa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunapanda mlima wa Menengai, na sheria yetu ni moja tu, kwamba aliyetangulia kufika ukingoni mwa kreta, kwenye mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, hapumziki mpaka arudi chini kumchukua wa mwisho. Mara nyingi wa mwisho huwa mimi. Tukishashuka, kila mmoja hutoa shilingi 50 na tunakaa kibandani kwa chai na mandazi mpaka saa tatu, na nadhani kama mngenipima shinikizo la damu wakati huo mngelikuta chini kuliko wakati wowote mwingine wa wiki.

Sasa nimepata kazi katika hospitali mjini Leeds, Uingereza, na nitasafiri mwanzoni mwa Novemba. Mume wangu na watoto watafuata mwaka ujao Mungu akipenda. Nawauliza mlioishi huko: giza na baridi vinamruhusu mtu wa kawaida kukimbia? Na watu wa kukimbia nao nitawapata wapi, mimi nisiyemjua hata jirani?

Swali la tatu linanitia aibu kidogo. Katika mazungumzo ya video na wenzangu wa wodi ninayokwenda, nilitaja kwamba huwa ninakimbia. Waliposikia Mkenya anakimbia, wakaniandika papo hapo katika timu yao ya mbio za hisani za kupokezana. Niliwaambia dakika 36. Wakacheka, wakidhani ninajishusha kwa adabu. Nitawaelezaje? Hapa mtaani nilipoanza niliulizwa ni nani anayenifukuza. Huko naona nitaulizwa mbona hakuna anayenifukuza.

Nyar Kibuye (Leeds, zamani Kisumu)

Dada yangu, karibu sana. Mimi pia ni muuguzi, nina miaka mitatu hapa, na swali lako la tatu limenichekesha kwa sababu nimelijibu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nimeitwa Kipchoge bustanini na kijana mdogo aliyekuwa akinipita wakati huohuo. Watu hapa hawajui kwamba Kisumu tuko mita 1,130 tu kando ya ziwa, wala kwamba Iten ya wanariadha ni mji mwingine kabisa ulio kwenye mita 2,400, wenye watu wake na mazoezi yao. Mwanzoni nilikuwa nikieleza jiografia yote hiyo. Siku hizi nasema, "Mimi ndiye Mkenya wa mwisho," nao wanacheka na mambo yanakwisha.

Giza ndilo jambo la kujiandaa nalo kuliko baridi. Mwezi wa Desemba jua la Leeds huchomoza karibu saa mbili na dakika ishirini asubuhi na kuzama saa kumi kasoro robo alasiri, na kwa kuwa zamu yetu inaanza saa moja na nusu asubuhi na kwisha saa mbili usiku, siku za kazi hutaliona isipokuwa kupitia dirishani. Utafika saa zikiwa zimerudishwa nyuma tayari, maana hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo utakutana na giza lenyewe bila kuonjeshwa kwanza. Mwezi wa Juni mambo hugeuka, jua linakaa mpaka karibu saa nne kasoro dakika ishirini usiku, na wewe utakuwa unaswali au unapika ugali na nje bado kweupe. Kimbia kwenye barabara zenye taa, uvae riflekta kama mtu wa bodaboda. Ile njia nzuri ya kandokando ya mfereji wa Leeds na Liverpool, inayopita upande wa Kirkstall, iache mpaka mchana.

Kuhusu watu, kila Jumamosi saa tatu asubuhi kuna parkrun, mbio za pamoja za kilomita 5, bila malipo hata senti moja. Ilianza mwaka 2004 katika Bushy Park, London, na wakimbiaji 13. Leo iko katika nchi nyingi, na hapa Leeds utaikuta Woodhouse Moor, Roundhay na kwingineko. Inaendeshwa na watu wa kujitolea. Unajisajili mtandaoni mara moja tu maishani, unachapisha msimbo pau wako, nao wanausoma ukimaliza ili jina lako lipate muda wake. Kitakachokufurahisha wewe wa Menengai ni hiki: mmoja wa wale wanaojitolea kazi yake ni kutembea nyuma ya watu wote, kwa hiyo mkimbiaji hawezi kuwa wa mwisho hata akitaka. Februari 2024 waliondoa hata orodha za rekodi za kasi kwenye tovuti yao. Wapo waliokasirika, lakini mimi sikuwamo.

Jumamosi yangu ya kwanza ilikuwa ya Januari. Nilisimama pale na vidole vikiwa vimekufa ganzi kiasi kwamba kamba ya kiatu iliyofunguka sikuweza kuifunga, na mama mmoja wa makamo, ambaye mpaka leo simjui kwa jina la pili, alivua glavu zake, akapiga goti kwenye matope, akanifungia kama anavyofungiwa mtoto wa nasari. Hakusema neno. Alinipigapiga begani, akaondoka, na akanishinda kwa dakika sita.

Viatu nilivyovaa siku hiyo nilikuwa nimevinunua sokoni Kibuye, mitumba, na ndani ya ulimi wa kiatu kulikuwa na jina la mwenyewe wa kwanza limeandikwa kwa wino wa buluu: Susan. Vilitoka Ulaya, vikaja Kisumu, nami nikavirudisha. Vyako usiviache, ila soli ziwe bado na meno, kwa sababu majani yaliyolowa mwezi wa Novemba yanateleza kama ganda la ndizi.

Kocha Asiye na Cheti (Kiamunyi, Nakuru)

Naongeza jambo moja kuhusu mwinuko, kwa maana naona limepitwa. Nakuru tuko karibu mita 1,850, na msukumo wa hewa hapa ni takriban asilimia 80 ya ule wa usawa wa bahari. Mwili uliokaa hapa miaka mingi umejiongezea chembe nyekundu za damu ili kufidia. Ukishuka ghafla hadi mji ulio chini kama Leeds, wiki za kwanza utahisi kana kwamba kuna mtu anakusukuma mgongoni, na hapo ndipo wengi huumia, kwa sababu pumzi ndiyo iliyokuwa breki yako ya kila siku na sasa breki hiyo imelegea, ilhali magoti na kano za miguu ni zilezile zilizozoea barabara za vumbi za huku, na ghafla unazipigisha lami kila siku. Mwezi wa kwanza usijaribu kumthibitishia mtu chochote, hasa hao wenzako wa wodi. Faida yenyewe hupungua baada ya wiki kadhaa, mwili ukishajua kwamba hauhitaji tena zile chembe za ziada.

Dakika 36 zako huenda zikawa 34. Pokea, shukuru, nyamaza.

Mrejea wa Kakamega

Nimeishi Ujerumani kwa miaka minne kabla ya kurudi nyumbani, na kwa heshima zote sikubaliani kabisa na Nyar Kibuye, ambaye ameonyesha upande wenye jua. Mama, wewe ni muuguzi wa zamu. Jumamosi nyingi utakuwa kazini, na zile utakazokuwa huru utakuwa umelala kama gogo. Ukiifanya Jumamosi kuwa nguzo ya nyumba, nguzo hiyo itaanguka kabla ya Krismasi, nawe utajilaumu kwamba umekuwa mvivu.

Mimi nilijiunga na klabu ya mtaa, nikalipa ada ya mwaka, nikapewa na fulana. Walikuwa watu wema. Walinisalimu, tukakimbia, tukaagana, kila mtu akaingia kwenye gari lake. Hakuna aliyeniambia tuketi. Nilikuwa nikirudi chumbani na kupika chai ya mtu mmoja kwenye sufuria ya watu wanne, kwa sababu sikuwahi kujifunza kipimo kidogo. Majira ya baridi ya kwanza niliacha kukimbia kwa miezi minne, na Januari ya pili, nilipokuwa nimerudi kwa bidii ya kujilipizia, nilianguka darajani alfajiri moja baada ya mvua ya usiku. Ule utando wa barafu juu ya lami hauonekani kwa macho. Unauona tu ukiwa tayari umelala chali. Nilivunjika kiwiko cha mkono. Kwa hiyo, hali ya hewa ikikaribia sufuri na barabara ikiwa na unyevu, tembea, au subiri jua, au kimbia kwenye nyasi.

Kilichoniokoa hakikuwa kikundi. Alikuwa mtu mmoja, mfanyakazi mwenzangu kutoka Poland ambaye zamu zake zililingana na zangu. Tulikubaliana kwamba siku tukitoka pamoja tutaenda nyumbani kwa miguu, kilomita 4, tukikimbia nusu na kutembea nusu, mikoba mgongoni. Lugha ilikuwa ngumu kwetu sote wawili, basi tulikuwa tukinyamaza pamoja. Tafuta mtu wa namna hiyo wodini kwako kwanza, kabla ya kutafuta watu mia mbili bustanini.

Nyar Kibuye (Leeds)

Mrejea, hapo umenikamata. Nimehesabu sasa hivi: mwaka wangu wa kwanza nilihudhuria Jumamosi 14 tu kati ya 52. Nyingine zote nilikuwa kazini au kitandani. Ila hizo 14 ndizo ninazozikumbuka.

Jambo moja la kiafya, kwa kuwa sisi ni watu wa fani hiyo na tunajisahau wenyewe: ushauri rasmi hapa ni kwamba watu wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, mwaka mzima, kwa vile jua la huku halitoshi. Ni vidonge vya bei ndogo. Nilichelewa kuvianza, nami ndiye ninayewahimiza wagonjwa.

Mama wa Section 58 (Nakuru)

Asanteni sana nyote. Nimesoma majibu yenu mara mbili, ya pili nikimsomea mume wangu, naye ameshikilia hasa habari ya barafu.

Mrejea, habari ya sufuria ya watu wanne imenigusa mahali ambapo sikuwa nimepataja. Nikiwaza kuondoka, mlima siuwazi sana. Nauwaza ule muda wa saa mbili mpaka saa tatu. Nilimwambia mzee wetu wa saa kwamba labda tungekimbia kwa pamoja, wao huku mimi huko, tukiwa kwenye simu. Akapiga hesabu hapohapo: tofauti ni saa tatu wakati wa baridi, kwa hiyo wakianza kwao saa kumi na mbili, kwangu itakuwa saa tisa usiku. "Sisi hatukimbii na wachawi," akasema. Basi tumekubaliana kwamba watanipigia wakiwa kibandani, simu iegemezwe kwenye thamosi, na kama nina zamu ya mchana nitakuwa nikijiandaa kwenda kazini, na kama niko zamu ya usiku au nimelala waendelee bila mimi.

Wenzangu wa wodi nimewaandikia jana nikiwatumia muda wangu wa Jumamosi mbili zilizopita, dakika 37 na dakika 39. Mmoja amejibu kwamba yeye hukimbia kwa dakika 41 na kwamba amefurahi mno. Nadhani huyo ndiye Mpolandi wangu.

Nyar Kibuye (Leeds)

Huyo usimwache. Jisajili parkrun ukiwa bado Nakuru, uchapishe msimbo pau wako kwenye saiba yoyote ya mjini, kwa sababu wiki ya kwanza huku utakuwa unahangaika na benki na nyumba na hutapata nafasi. Glavu usinunue huko, hazifai. Nina jozi mbili. Jumamosi yako ya kwanza ukiwa huru niambie mapema ili nijiandikishe kuwa yule anayetembea nyuma. Maziwa na mandazi nitaandaa mimi. Majani ya chai njoo nayo, yale ya Kericho, nusu kilo.