Yule wa Crown nyeusi wa Tangi Bovu kachomoa ufunguo wa gari yangu kautupa mtaroni!!!

Mwanawazo (mleta uzi)

Wakuu naandika mikono inatetemeka, nikiruka herufi mnisamehe. Nipo pakingi ya ofisini tangu saa tatu, sijaingia ndani, nipo pekupeku maana viatu vimejaa tope la mtaro.

Simtaji jina. Mnamjua. Kila anayepita Bagamoyo Road hapa Dar asubuhi kutoka Tegeta hadi Mwenge anamjua, Crown nyeusi, vioo vyeusi tii, kibandiko cha simba kioo cha nyuma, honi kama meli inaingia bandarini, kutwa anatanua kwenye njia ya watembea kwa miguu utadhani babu yake ndiye aliyeilima kwa jembe la mkono. Watoto wa shule pale Africana wakiisikia ile honi wanaruka mtaro wenyewe kama mbuzi.

Huyo mtu leo kachomoa ufunguo wangu kautupa mtaroni. Mtaroni wakuu! Nipo na mama yangu mzazi ndani ya gari!

Ilikuwa saa moja na robo, nampeleka mama kliniki ya presha, ana miaka 71. Foleni imeganda, nimeweka gia ya P ya kuegesha, kioo changu kipo chini maana AC ilishakufa. Akaja kwa kutanua na vumbi lake, mbele akakuta mama wa vitumbua na meza yake, hana pa kupita, ndo anataka achomekee kwangu. Achomekee wapi? Kati yangu na daladala ya mbele hapakupita hata sambusa. Honi. Taa fulu. Honi tena. Mama anasema mwanangu muache apite, nami namuuliza mama apite juu ya bati?

Basi akashuka. Hana haraka hata kidogo, akazunguka boneti yangu akija upande wangu, nikajua anakuja kutukana tu kama wenzake. Hakutukana. Akaingiza mkono dirishani, saa ya mkononi kubwa kama kisosi, harufu ya manukato ikajaa gari zima, akazungusha ufunguo, gari ikazima, akauchomoa akaurusha juu ya paa langu mpaka mtaroni. Akasema "tulia hapo ujifunze barabara". Mbele ya mama yangu.

Foleni ikasogea, mimi siwezi kusogea, nafasi ikapatikana. Akapita!! Ndo alichokuwa anakitaka! Yaani mtu anakuzimia gari ili apate mita 4 za lami!

Ule ufunguo una kiatu kidogo cha sufu, cha kwanza alichovaa mwanangu alipozaliwa, ndo kishikio changu miaka 6. Konda wa daladala ya nyuma akakunja suruali akashuka na fimbo akautafuta, daladala nzima wapo madirishani. Kimetoka cheusi kama mkaa, kinanuka. Nimekioshea maji ya kunywa ya mama. Mama hajasema neno mpaka kliniki, na presha ilivyopimwa sitaki hata kuandika.

KisikiKikavu
Chai, uongo mtupu. Gari otomatiki ufunguo hautoki ikiwa kwenye D, gia ya kwendea. Rudi kaipike upya.

Mwanawazo
NIMEANDIKA NIMEWEKA P. Soma kwanza!

KisikiKikavu
Sawa, ila nani anashusha kioo Tangi Bovu asubuhi, simu yenyewe inanyakuliwa sembuse ufunguo.

FundiWaMwenge
Inawezekana kabisa, kwenye gari ndogo kama Toyota IST ufunguo upo kulia karibu na mlango, mkono unafika bila shida. Mleta uzi pole, ila hiyo AC pengine gesi tu, njoo PM.

Bushiri_jr
Huyo namjua!! Mwezi jana alinichomekea pale Lugalo nikapanda tuta kwa bampa. Nilipopiga honi akakanyaga breki makusudi mbele yangu, mara tatu. Nilikuwa na trei 12 za mayai siti ya nyuma. Sitaki kuzungumzia yale mayai.

Chiku_wa_Bunju
Halafu akifika kwenye taa za Mwenge anasimama na sisi sisi tuliomkalia foleni. Nimeshamkuta mara nyingi, namwangalia hivi, ananuna.

DerevaMstaafu
Binti yangu pole, na mpe pole mama. Mimi nimeendesha lori Dar Tunduma miaka 22, nakwambia mtu wa namna hiyo hasira haikuanza kwako. Kaamka kachelewa, foleni inamla, basi kila gari ya mbele anaiona ni mtu kamkalia kifuani. Kwenye vioo vyeusi anajiona hana jina wala sura, angekuwa anatembea kwa mguu asingekusukuma hata bega. Ukishaona taa fulu na honi mfululizo usimwangalie machoni, ukimwangalia umeshakubali ugomvi. Pandisha kioo, funga milango yote, shika namba za gari kichwani, akitaka hiyo nafasi mpe. Akishuka wewe usishuke. Akikufuata usiende nyumbani, nyoosha mpaka kituo cha polisi. Halafu acheni nafasi mbele jamani, mnabanana kama dagaa kwenye fungu, mtu akikosea kidogo hamna pa kukwepea. Spidi ikizidi mara mbili, tangu ukanyage breki gari inataka umbali mara nne mpaka isimame, na huyo anatoka 50 anakwenda 100 katikati ya watu.

Mwanawazo
Mzee shikamoo. Nimekuelewa, ila ningempaje nafasi nami sina? Na kioo joto lile na mama mgonjwa? Nikikaa nauona ule mkono tu. Mkono umeingia ndani ya gari yangu jamani, umepita mbele ya kifua changu ukachukua ufunguo kama anachukua chumvi mezani kwake.

MtuWaRekodi
Nenda polisi na namba za gari. Hiyo siyo ya faini ya kuandikiwa barabarani, kuingia gari ya mtu na kumchomolea ufunguo ni jinai kabisa.

Mwanawazo
Namba nimeshika herufi za mwisho tu. Nilikuwa nauangalia ufunguo ukiruka.

KisikiKikavu
Hahahaha nauangalia ufunguo ukiruka. Nimecheka mpaka bosi kageuka.

Hesabu_ya_Bosi
Leo mnamsema wa Crown, kila siku mnatusema sisi wa daladala. Sisi hatuna mshahara, tuna hesabu ya kumpelekea bosi kila siku. Saa kumi jioni hesabu haijafika, mafuta juu yako, bosi anapiga simu, utaacha kuchomekea? Wekeni mshahara uone kama nitagombania abiria kituoni. Huyo wa Crown yeye hesabu anampelekea nani?

Chiku_wa_Bunju
Hesabu siyo ruhusa ya kutuua. Juzi Makonde mmenishusha gari inatembea, nimetua na goti, hadi leo nainama kama bibi.

Njoro254
Huku Nairobi ni hivyo hivyo tu, Thika Road matatu inakufinya mpaka unaona sura ya makanga kwa dirisha yako akitafuna majani ya muguka. Halafu ndiye anakutusi. Pole dada.

Bushiri_jr
Tusijidanganye, wabaya kuliko wote ni bodaboda. Wanapita katikati ya leni, wanang'oa saiti mira, ukishuka wanakuzunguka 15 wote wanakwambia lipa.

Kijana_wa_Kijiwe
Na nyie mkifungua mlango bila kuangalia mnatuua. Nina vyuma mguuni kwa mlango wa Noah. Faini anaandikiwa nani? Mimi.

Chiku_wa_Bunju
Na malori ya usiku Chalinze huko, taa fulu usoni, ukimuashiria apunguze anakuongezea za juu ya kabini.

DerevaMstaafu
Wengine wa malori tulikuwa tunapunguza.

Mwanawazo
Jamani tunaongelea ufunguo. Kiatu nimekiosha mara mbili kwa sabuni ya ofisini, bado kinanuka, na mwanangu jioni ataniuliza.

Bushiri_jr
Loweka kwenye magadi. Mimi bodaboda alinikata saiti mira wiki iliyopita, wauza spea wa Gerezani wameniambia 80,000, yaani kioo tu na ganda lake.

FundiWaMwenge
80,000 wamekuona mgeni. Gari gani?

Bushiri_jr
IST ya 2004.

FundiWaMwenge
Ninayo, imetoka kwenye gari iliyogongwa nyuma, mbele nzima. Kushoto au kulia?

Bushiri_jr
Kushoto. Ya kukunja kwa umeme?

FundiWaMwenge
Ya kukunja kwa mkono. 45, rangi fedha.

Bushiri_jr
Gari yangu nyeupe mkuu. Weka 35 nije leo jioni.