Kulala porini Yellowstone siku mbili: maandalizi ya dubu yakoje?

Mpanda_Vilima

Wakuu, salaam. Tuko wanne, watu wazima watatu na kijana wa miaka 14. Tunaruka kutoka Minneapolis hadi Bozeman, halafu tunakodi gari hadi Hifadhi ya Yellowstone, huku huku Marekani. Ni wiki ya pili ya Septemba, tutalala porini siku mbili, mbali na barabara, kila mtu na begi lake mgongoni. Kutembea hakutusumbui. Kinachotupa mawazo ni dubu, maana kule hatangulii askari mwenye bunduki kama kwenye safari za miguu za Ruaha.

Naomba wenye ujuzi mnifafanulie: kopo la pilipili la dubu (lile la kupuliza kumfukuza) linachaguliwaje na linabebwaje? Chakula kinahifadhiwaje usiku? Tulipanga kubeba unga wa ugali, dagaa wa kukaanga, chapati na karanga. Na ni kweli ukimwona dubu unalala chini ukajifanya umekufa?

Nyayo_za_Montana

Karibuni sana. Nianze na kopo, kwa sababu wengi hukwama nalo kabla hata ya kuondoka nyumbani: halipandi ndege, si mkononi wala kwenye mzigo wa chini. Nunueni mkifika Bozeman. Kila mtu mzima awe na lake. Moja kwa kundi zima halitoshi, maana aliyelibeba anaweza kuwa wa nyuma dubu akitokea mbele.

Soma lebo. Liwe limeandikwa kwamba ni la dubu, si lile dogo la kujikinga na vibaka. Liwe na namba ya usajili ya EPA (shirika la mazingira la Marekani), kapsaisini (kile kinachowasha kwenye pilipili) na jamii zake asilimia 1 hadi 2, yaliyomo yasipungue gramu 225, na tarehe haijapita. Makopo haya hukaa miaka mitatu minne hivi. Pilipili yenyewe haichoki haraka. Kinachopungua ni gesi inayoisukuma, huvuja taratibu kwenye vali, na siku ukilihitaji linatema mate badala ya kurusha.

Kuhusu kulibeba sina la kujadili: ala kiunoni au kwenye mkanda wa begi kifuani, basi. Mfuko wa pembeni wa chupa ya maji haufai, ndani ya begi ndiyo kabisa. Grizili, yule dubu mkubwa wa kahawia, hukimbia hadi kilomita 56 kwa saa, yaani kama mita 15 kwa sekunde. Akichomoka kichakani mita 30 mbele yenu, mna sekunde mbili. Vaeni begi likiwa limejaa, fungeni mikanda yote, kisha chomoeni kopo. Mara nyingi mkanda wa kiuno wa begi huja kulalia ala, na hilo hamtaligundua mkijaribu bila begi.

Kuna makopo ya mazoezi yasiyo na pilipili. Nunueni moja, kila mtu achomoe mara kumi, kijana naye. Kidole cha shahada kinashika mkono wa kopo, gumba linavuta kipande cha usalama moja kwa moja kuelekea kwako, halafu gumba hilo hilo linabonyeza. Kopo jipya mara nyingine huja limefungwa utepe wa plastiki juu ya usalama. Ukateni kabla ya kuanza njia. Mtu mwenye hofu hawezi kukata utepe.

Dubu akija mbio, anza kupuliza akiwa mita 9 hadi 18. Lenga chini kidogo, mbele yake, ili wingu liinuke apite ndani yake. Akikimbia kichwa huwa chini, kwa hiyo ukilenga juu pilipili inampita mgongoni. Puliza sekunde moja au mbili, tazama, rudia. Kopo zima linaisha kwa sekunde chache tu. Upepo ukiwa unakuja usoni kwenu, pulizeni hivyo hivyo, mtawashwa lakini mtakuwa wazima. Akigeuka, ondokeni eneo hilo.

Msipulize kwenye hema wala nguo mkidhani ni kinga kama dawa ya mbu. Mabaki yake yakikauka huwavuta dubu. Na msiache kopo ndani ya gari juani, likizidi nyuzi 50 linaweza kupasuka.

Jiko_la_Porini

Mimi nijibu la chakula. Septemba dubu wa Yellowstone wanakula karibu kutwa nzima, wananenepa kwa ajili ya kulala majira ya baridi. Pua zao zinatafuta mafuta. Kwa hiyo dagaa wa kukaanga, dada au kaka, waacheni Minneapolis. Hakuna sheria inayowakataza, ila mafuta yake yanaingia kwenye vidole, kwenye zipu ya begi, kwenye mkono wa koti unalolalia. Unga wa mahindi ni mzuri, mkavu na hauna harufu kali. Chapati zikaangwe kwa mafuta machache, zifungwe mbili mbili kwenye mifuko ya kubana.

Ila ugali una tatizo lake, nalo ni ukoko. Ukishagandamana na sufuria, watu huubandua na kuutupa kichakani. Mwageni maji kidogo ya moto, funikeni dakika kumi, kombeni kwa kijiko cha mti, kisha pitisheni maji hayo kwenye kitambaa. Makombo yanaingia kwenye mfuko wa taka mnaorudi nao. Maji yanamwagwa mbali na hema. Msichome mabaki kwenye moto, hayateketei yote na majivu yanabaki kunukia.

Mpango wa kambi: mnapopika na mnapotundika chakula panaweza kuwa pamoja, lakini hema liwe mita 91 kutoka hapo, upande upepo unakotoka. Pimeni kwa hatua, hatua 120 za mtu mzima. Kwa macho watu hukadiria nusu ya hapo.

Kambi nyingi za porini Yellowstone zina mti uliolazwa na kufungwa juu kwa ajili ya kutundikia chakula. Kamba mnabeba wenyewe, mita 11. Tieni jiwe kwenye mfuko mdogo, fungeni ncha ya kamba, rusheni juu ya mti, vuteni chakula juu, kisha fungeni ncha ya pili kwenye shina lingine. Kitako cha mfuko kiwe angalau mita 3 kutoka ardhini na mita 1.2 kutoka shina lolote. Kosa la kila siku ni kupima mita 3 kabla ya kufunga. Kamba mpya hunyooka, mfuko unashuka, asubuhi unaukuta usawa wa kifua cha mtu. Pandisheni zaidi. Mzigo ukiwa mzito ugaweni mara mbili.

Pamoja na chakula vinapanda dawa ya meno, mafuta ya midomo, losheni, mafuta ya nywele, sabuni, dawa za vidonge, taka, sufuria, na nguo mlizopikia. Hilo la mafuta ya nywele nalikazia kwa wenzetu. Ya nazi yananukia chakula, na kichwa ndicho kinachogusa kitambaa cha hema usiku. Siku hizo mbili kaeni bila.

Kasha_Gumu

Naongeza hapo. Mkikuta kambi haina mti wa kutundikia, au giza limewakuta, kasha la plastiki ngumu la kuwekea chakula ni la uhakika kuliko kamba. La lita 7 lina uzito wa karibu kilo moja na linatosha mtu mmoja siku tatu au nne akipanga vizuri. Chagueni lenye alama ya IGBC, kamati ya Marekani ya mambo ya grizili. Pale mji wa West Yellowstone, kwenye kituo cha Grizzly and Wolf Discovery Center, dubu halisi hupewa kasha lenye chakula ndani, na lisipofunguka kwa dakika 60 za kulishughulikia ndipo linapita. Liwekeni kwenye ardhi tambarare, mbali na korongo na mto, maana dubu ataliviringisha. Msilifunge kamba, mtakuwa mmempa mpini wa kubebea.

Mpanda_Vilima

Ahsanteni mno, dagaa wameshatolewa kwenye orodha. Mawili zaidi: wawili wetu huamka alfajiri kwa udhu na sala, na mto ni karibu na kambi. Na je, kengele za kufunga kwenye begi zinasaidia?

Bonde_la_Lamar

Kengele hapana. Sauti yake ni nyembamba, haifiki mbali, na karibu na mto inamezwa. Dubu anatakiwa asikie binadamu. Ongeeni kwa sauti, pigeni makofi, iteni "hee, dubu!" kabla ya kila kona msiyoiona ng'ambo yake, kwenye vichaka vya matunda, kando ya maji, na upepo ukiwavumia usoni, maana hapo harufu yenu haimfikii. Tembeeni pamoja, kijana katikati. Watatu na zaidi ndiyo idadi hifadhi inayoshauri, na baadhi ya maeneo ya dubu hufungwa kwa majira au hushauriwa kundi la wanne na kuendelea. Ulizeni mnapochukua kibali cha kulala.

Alfajiri na jioni ndiyo saa za dubu kutembea, na kingo za mto ndizo njia zao. Chukueni maji ya udhu tangu mchana, myaweke karibu na hema. Mkilazimika kwenda mtoni, nendeni wawili, tochi kichwani, kopo mkononi, mkiongea njia nzima. Usiku kopo likae kando ya kichwa, mahali pale pale kila siku, mkono ulifikie gizani.

Mkiona kunguru wengi wanazunguka, harufu ya mzoga, au rundo la udongo na majani lililofukiwa juu ya mnyama, rudini mlikotoka mara moja na mkawaarifu walinzi wa hifadhi. Grizili halindi eneo kama anavyolinda mzoga.

Sasa la kujifanya umekufa. Si pale unapomwona. Sheria ni kukaa mita 91 au zaidi. Akiwa mbali na hajawaona, ondokeni kimya. Akiwaona, simameni pamoja, ongeeni taratibu, rudini kinyumenyume huku kopo likiwa limeshatoka kwenye ala. Kusimama kwa miguu miwili si vita, anatafuta harufu. Kugonganisha meno, kupumua kwa kishindo na kupiga ardhi ndiyo onyo. Msikimbie kamwe, wala msitegemee mti. Wakija mbio, wengi husita kabla ya kukufikia, kwa hiyo simama imara, tumia kopo.

Lala tu endapo grizili amekugusa, tena yule uliyemshtua au mwenye watoto. Lala kifudifudi, begi libaki mgongoni, vidole vifumbatane nyuma ya shingo, miguu ipanuliwe ili asikugeuze. Akikugeuza, endelea kuviringika hadi urudi kifudifudi. Usinyanyuke akiondoka, subiri dakika kadhaa, maana anaweza kuwa bado anatazama. Dubu mweusi (aina nyingine, mdogo kuliko grizili) akikushambulia, au dubu yeyote anayekufuata kwa kunyemelea au kuingia hemani usiku, huyo anatafuta chakula: pigana, lenga pua na macho, kwa jiwe, fimbo, chochote.

Na msiwatofautishe kwa rangi, wengi wa hao wanaoitwa dubu weusi huko si weusi, wapo wa kahawia. Tazameni nundu ya mabegani, uso uliobonyea katikati, masikio mafupi ya mviringo. Hivyo vitatu vikiwa pamoja ni grizili. Kama hakuna muda wa kutazama, kopo halichagui.

Nyayo_za_Montana

Mkuu Bonde amesema vizuri. Moja la mwisho: mkimaliza safari msitupe kopo kwenye pipa la taka, mashine za kukandamiza taka hulipasua juu ya wafanyakazi. Hifadhini kuna masanduku ya kuyarudishia.